Chupa Iliyosimama Mezani

Sumbawanga, Jumapili alasiri

Mwanangu Skola,

Nina uvimbe kwenye titi la kushoto. Niliugundua kabla hujaja likizo, daktari wa hospitali ya mkoa ameushika kwa mkono wake, na wiki hii nitakatwa kipande kidogo kipelekwe Dar es Salaam kupimwa. Siumwi sana. Nakula, nalala, na ugali uliokula mwezi huu wote nimeusonga mimi, kwa hiyo mikono ingali na nguvu. Lakini uvimbe upo, haupungui, nami naogopa.

Najua barua haianzi hivi. Barua huanza kwa salamu, halafu sisi huku hatujambo, hofu ni kwako wewe uliye mbali, halafu ndipo mtu anaingia kwenye madhumuni, tena kwa kunyata. Nimeandika barua za namna hiyo tangu masista waliponifundisha kushika kalamu, zangu na za majirani wasiojua kuandika. Hata leo nilianza hivyo. Nilipofika kwenye "hatujambo" nikaitazama, nikaichana ile karatasi, nikawashia moto. Karatasi yenyewe ni ya shida siku hizi, baba yako angeniona angelalamika.

Wewe umekwenda kumuaga bibi yako, na ninavyomjua hatakuachia kabla hujala. Baba yako yuko nyuma ya nyumba anapiga misumari kwenye sanduku lako, sanduku ambalo halina kasoro yoyote. Tangu jana analipigilia. Kila nikisikia nyundo najua amepata wazo jingine la kuliimarisha, nami namwacha, maana asipopata kitu cha kugonga leo ataanza kulia, na akianza yeye mimi sitaweza kuandika. Kesho asubuhi utapanda basi la Tunduma, ufike Mbeya, halafu treni mpaka Dar. Ulipokuwa ukienda shule uliondoka na tarehe ya kurudi. Safari hii umepewa kazi, na kazi haina likizo ya Pasaka wala ya mavuno. Nimekuwa nikizunguka humu ndani tangu misa ilipotoka, nikiinua kitu hiki na kuweka kile.

Habari za kuficha nauli, za maji ya kuchemsha na za vijana wa stesheni nimeshakuambia kwa mdomo mpaka umeanza kunijibu kabla sijamaliza. Watakaokutania huko ofisini kwamba watu wa Sumbawanga wanasafiri kwa ungo, waambie ungo ulikuwa umejaa ndiyo maana ukapanda basi. Hayo yametosha. Ninachotaka kukuandikia ni juu ya ile kazi yako, uliyonieleza siku tulipokuwa tunachambua maharage uani.

Nilikuuliza hasa unafanya nini, kwa sababu watu wananiuliza sokoni nami najibu "kompyuta" kama mtu anayetaja ugonjwa asioujua. Ukaniambia mashine ile inafuata maagizo yaliyoandikwa, na maagizo yana lugha zake. Ya zamani pale ofisini yaliandikwa kwa lugha inayoitwa Kobol, walioyaandika wameshaondoka, na hakuna anayethubutu kuyagusa. Mahesabu mapya yameandikwa kwa lugha nyingine, Fortran. Wewe utakaa katikati. Utaandika kile kipande kinachochukua swali upande mmoja, kikalipeleka upande wa pili, kikarudi na jibu.

"Basi wewe ni mkalimani," nikasema.

Ukacheka. "Ni kazi yako ya zahanati kule Mtowisa, Mama, ila wagonjwa wangu hawana miguu."

"Na huko wanakopelekewa swali wakishindwa?"

Hapo hukucheka tena. Ukasema jibu zuri linavuka lenyewe, taabu iko kwenye kushindwa. Fortran ina namna yake ya kusema imeshindwa, lakini Kobol haiijui namna hiyo. Yenyewe inangoja namba tu. Ikiletewa sifuri inaipokea, inashukuru, inaendelea na kazi. Ukanisimulia mlivyofanya mafunzoni, mkijumlisha mavuno ya mahindi ya mikoa. Habari za Rukwa zikaingia vibaya, upande wa mahesabu ukakwama, ukarudisha sifuri, na mashine ikachapa kwenye karatasi safi kabisa kwamba Rukwa haikuvuna hata punje. Na sisi huku mahindi yamelala nje kwa kukosa ghala. Nilicheka mpaka nikamwaga maharage.

Halafu ukasema neno ambalo limenikaa mpaka leo. "Kuna sifuri ya kuhesabu na sifuri ya kushindwa, Mama, na kwenye karatasi zinafanana."

Wewe ulisema hivyo ukaendelea kuokota mawe kwenye maharage. Mimi niliacha kuchambua. Asubuhi ile ile nilikuwa nimetoka hospitali, nawe uliponiuliza "Habari za huko, Mama?" nilikujibu "Nzuri." Ulidhani nimetoka kuwasalimia masista.

Ngoja nikuambie ya Mtowisa kwa urefu, maana ulikuwa mdogo mno na unayakumbuka kwa vipande. Ulikuwa mwaka ule watu walipokusanywa kwenye vijiji vya ujamaa. Baba yako alipelekwa kule bondeni kutengeneza madawati na milango, nasi tukashuka naye, kutoka kwenye baridi yetu hadi kwenye joto lile la mpunga na mbu. Zahanati ilikuwa na mganga mmoja, Bwana Ambakisye, mtu wa Mbeya, mwenye haraka na moyo mzuri. Kifipa hakujua hata salamu. Wazee wengi waliokuja, Kiswahili chao kiliishia kwenye shikamoo. Mimi niliajiriwa kufagia na kuchemsha sindano, lakini baada ya muda mfupi ufagio ulikuwa unasimama wenyewe pembeni, na mimi nimesimama kati ya meza na benchi nikigeuza maneno.

Unajua watu wetu wanavyoongea. Mtu anaweza kuwa na msiba ndani, ukimwuliza habari za nyumbani atasema nzuri, utamwuliza za watoto atasema wazima, za shamba atasema tunashukuru, na mwisho kabisa, ameshashika mlango, ndipo anasema ila jana tumezika. Kuanza na baya ni kumtupia mwenzako mzigo kabla hajakaa. Ndivyo nilivyolelewa, na ndivyo nilivyokulea wewe. Nami niligeuza kama nilivyosikia, kwa mpangilio ule ule, nikijiona mkalimani mwaminifu sana.

Siku moja akaja mama mmoja wa Kaoze, Yustina, ametoka kujifungua siku hizo hizo. Mganga akauliza hali yake. Yustina akasema salama. Nikasema salama. Mtoto? Mzima, ananyonya. Nikasema mzima, ananyonya. Benchi lilikuwa limejaa mpaka nje, mvua inakuja. Bwana Ambakisye akaandika, akampa vidonge vya kuongeza damu, akamwita anayefuata. Yustina akainuka, kwa sababu mtu mwenye adabu akiagwa huinuka. Alipofika mlangoni akaniambia kwa Kifipa, kwa sauti ile ya kuagana, ila dada, damu haijakata, leo nimefunga vitenge viwili.

Nikamshika mkono nikamrudisha. Mganga akakunja uso.

"Si umesema salama, Mama Skola?"

"Nimesema salama, daktari, kwa sababu yeye amesema salama. Alikuwa hajamaliza."

Tulimlaza chini pale pale. Sitakueleza yote. Lori la mchele lilikuwa limesimama sokoni, watu wakashusha magunia ili apate pa kulala, wakapanda naye mlima usiku kucha mpaka hospitali, na alipona. Alirudi baadaye kunisalimia, nikamwuliza habari, akasema nzuri, nami nikasimama pale nikingoja iliyobaki. Safari hiyo hakukuwa na iliyobaki.

Bwana Ambakisye hakunigombeza wala mimi sikumgombeza. Kesho yake alikuja mapema, akakaa, akaniambia, "Sasa tutafanyaje? Wao hawataacha salamu zao, na mimi siwezi kungoja mpaka mlangoni." Tulijadiliana tukiwa tumeketi kwenye benchi la wagonjwa. Ndipo tukapata ile chupa. Ilikuwa chupa tupu ya dawa ya kikohozi, ya kahawia. Nikamwambia mimi nitawauliza kwanza nje, kwa Kifipa, kwa salamu zote wanazotaka, mpaka nifike mwisho wao. Tukiingia ndani, chupa nikiisimamisha mezani, ujue kuna tatizo, usiandike chochote hata ukisikia salama. Nikiilaza, endelea.

Nilijiona nimemaliza kazi. Wiki ya kwanza chupa ilisimama kutwa nzima, maana nani anakuja zahanati bila tatizo? Mafua yamesimama, upele umesimama, mtu amechomwa na mwiba chupa imesimama. Kufikia Ijumaa mganga alikuwa anaitumia kuzuia karatasi zisipeperuke. Akaingia mtoto mwenye degedege, nikaisimamisha, naye hata hakuitazama. Ilibidi nimpigie meza. Kwa hiyo tukakubaliana upya: chupa isimame kwa lile lisiloweza kungoja tu, mengine niyaseme kwa mdomo. Hilo nakuambia wewe unayeandika vipande vya katikati. Ukipiga kelele kwa kila kitu, siku ya kelele ya kweli utakuta wameizoea.

Na kulikuwa na kosa jingine lililochukua muda mrefu zaidi, kwa sababu halikuwa na damu ya kuonekana. Kifipa kina maneno mengi ya maumivu ya tumbo. Kuna la kukatakata, kuna la kuwaka, kuna la kitu kinachopanda na kushuka, kuna lile wanawake wanalisema kwa kuinamisha kichwa na hawalirudii. Mimi yote niliyageuza kuwa "tumbo linamuuma". Niliona ndiyo Kiswahili. Mganga akawa anatoa dawa moja kwa matumbo yote, na kwa baadhi yao haikusaidia chochote, wakaenda zao kwa waganga wa kienyeji. Nilipokueleza haya pale uani ulitikisa kichwa ukasema hata kwenu ni hivyo hivyo, upande mmoja una sababu nyingi za kushindwa, upande wa pili una nafasi ya neno moja tu, ndiyo au hapana, na mwandishi mvivu anazisaga zote kuwa hapana. Nikakuuliza mwandishi asiye mvivu anafanyaje. Ukasema anapeleka lile neno fupi ili mwenzake aelewe, lakini anafungasha na maneno ya awali kama yalivyosemwa, asiyakate, ili mwenye kujua aje ayasome.

Mimi nilikuja kufanya hivyo hivyo bila kufundishwa na mtu, lakini kwa kuchelewa. Nilianza kusema, "Tumbo linamuuma, daktari, na mwenyewe anasema kuna kitu kinapanda mpaka hapa kikifika kinageuka." Mwanzoni alinicheka. Baadaye alikuwa akininyoshea kidole, akisema, "Na mwenyewe anasemaje?"

Nikuambie na lile la tatu, halafu nije kwako. Ulikuwa msimu wa surua. Mtoto mmoja alikata roho mezani, mikononi mwa mganga, na mganga akaniambia, taratibu, nimwambie mama yake nini kimetokea na kwamba wale wadogo zake wawili waliobaki nyumbani waletwe leo hii, wasingoje kesho. Nilifungua mdomo, nikaangua kilio. Nililia mimi zaidi ya mwenye mtoto. Yule mama alinitazama usoni akiwa na swali, mganga ananitazama akidhani nimeshasema, na baina yao hakuna kilichovuka ila machozi yangu. Kwa machozi alielewa kwamba mtoto amekwenda. Habari ya wadogo zake hakuipata. Bwana Ambakisye ndiye aliyenitoa nje, akanipa maji, akanirudisha nikaisema. Waliletwa jioni, wakapona. Wewe ulipoeleza kwamba upande mmoja ukiporomoka usiachiwe uporomokee upande wa pili, kwamba anguko lidakwe pale pale mpakani ligeuzwe kuwa maneno, nilikuona mkubwa kuliko mimi. Lia, mwanangu, mtu asiyelia ana moyo gani? Lakini kwanza sema.

Sasa kwako. Ulikuwa na umri wa miaka kama sita, katekista alitutembelea, akakuuliza hujambo, nawe ukamjibu naumwa tumbo. Nilikufinya. Mgeni alipoondoka nikakufundisha: mtu akikuuliza hujambo, unasema sijambo, hata kama unaumwa, ya kuumwa utamwambia mama baadaye. Ulijifunza vizuri mno. Ulipokuwa bweni kidato cha tatu ulituandikia hali yako ni njema sana, masomo yanaendelea, mvua zimenyesha. Tukaisoma barua ile kwa sauti mbele ya bibi yako. Halafu dereva wa malori ya Kasesya, aliyekuwa anapita kwenye shule yenu, akanisimamisha sokoni akaniuliza, "Mtoto ametoka hospitali?" Pumu ilikuwa imekulaza wiki nzima, unapewa hewa ya mtungi, na barua ile uliiandikia kitandani. Nilipokuuliza ulisema, "Nilitaka msihangaike, Mama." Ni sauti yangu mwenyewe niliyokuwa nasikia.

Hicho ndicho kinachoninyima raha tangu ulipopata ile barua ya kazi. Umeniambia chumba cha mashine kinapozwa kuliko Sumbawanga ya Julai, mchana na usiku, na nje ni joto la pwani. Kifua chako ninakijua. Nakuona ukitoka kwenye baridi ile ukiingia kwenye joto, umeshika ukuta, na mtu anakuuliza vipi, nawe unasema safi tu.

Baba yako hakubaliani na barua hii. Leo baada ya misa aliniambia, "Mwache mtoto aende na moyo mweupe. Ukimwambia atashusha sanduku."

"Na nisipomwambia?"

"Tutamwandikia majibu yakishapatikana."

"Na yakiwa mabaya?"

Akachukua nyundo akatoka. Usimlaumu. Anaogopa kuliko mimi na hajui aweke wapi mikono. Baada ya saa nzima alirudi na shauri lake, amelipiga randa huko nje likawa laini. Nikuandikie kila kitu, sawa, lakini tuiweke barua chini kabisa ya sanduku, chini ya sweta, utaikuta ukifika Dar. "Hapo utakuwa umemwambia," akasema, "na safari haijavunjika."

Nitakuambia ukweli, nilikaribia kukubali. Nilikwenda hata kulishika lile sweta. Ndipo nikakumbuka ulivyowasema vibaya waandishi fulani wa mashine zenu, wanaoshindwa wakaficha habari ya kushindwa kwao kwenye kona, halafu wakiulizwa wanajibu, tuliiweka pale, mngetazama. Na nani anatazama kona ambayo hakuambiwa? Ungelivaa sweta lile siku ya kwanza ya baridi ya chumba chenu, umekaa huko peke yako, treni imesharudi. Nikalirudisha mahali pake.

Lakini nisikilize vizuri, safari usiivunje. Nakuandikia ili uende ukijua. Ukikaa hapa utanitazama nikisonga ugali, nami nitakuwa nakwambia sijambo asubuhi na jioni, tutachoka wote wawili. Tena kuna jambo huko ambalo ni wewe tu unayeweza kunifanyia.

Siku ile ya hospitali daktari alikuwa mgeni, hana Kiswahili. Alinishika titi, akashika na kwapa, halafu akamgeukia nesi akaongea Kiingereza kirefu, huku ananyosha vidole kimoja kimoja. Nesi, binti mdogo wa umri wako, akanigeukia akatabasamu. "Anasema usiwe na wasiwasi, Mama. Utarudi wiki ijayo."

Hebu fikiri, mimi niliyegeuza maneno ya watu miaka yote ile. Nikajiona ndimi Yustina, nimeambiwa niinuke. Nilibaki nimekaa. Nikamwambia, "Binti yangu, mimi nimefanya kazi hiyo yako. Ameongea mengi, umenipa kidogo. Yaliyobaki yako wapi?"

Akashtuka. "Nilitaka usiogope, Mama."

"Nimeshaogopa. Nipe yote."

Akanipa. Kwamba uvimbe ni mgumu na haukimbii ukiushika, na hiyo haimpendezi daktari. Kwamba kwenye kwapa bado hakuna kitu, na hiyo ni nzuri. Kwamba kipande kitapelekwa Dar, na kwamba majibu yatatoka kwa Kiingereza, yatapanda huku kwa mkono wa mtu yeyote anayesafiri, yatasomwa na daktari, yataambiwa nesi, na nesi ndiye atakayeniambia mimi. Nilihesabu midomo hiyo yote barabarani nikirudi nyumbani. Kila mdomo una huruma yake, na kila mwenye huruma atapunguza kidogo. Nilipofika uani ulikuwa umetandika maharage kwenye ungo unanisubiri, ukaniuliza habari za huko.

Kwa hiyo hilo ndilo ombi langu. Ukishapata pa kulala na ukishaonyeshwa meza yako, nenda ukaulize kipande cha mama yako kimefika wapi. Majibu yakitoka, yasome wewe kwa Kiingereza chao, na neno usilolijua muulize mtu anayelijua, usilibunie. Halafu uniandikie. Uniandikie kwa Kiswahili nielewe, na chini yake unakili maneno yao yale yale, hata kama siyajui, ili nikimwendea daktari nimwonyeshe. Kama ni baya, liandike baya mstari wa kwanza. Usianze na mvua. Usinisagie yote kuwa "wanasema utapona". Ukitaka kulia, lia kwanza, ufute macho, ndipo uandike, mimi nitalia kwa zamu yangu nikishasoma.

Na kifua chako nacho ni hivyo hivyo. Umeiona chupa niliyoichora pale juu, pembeni ya neno Jumapili? Imesimama. Ndiyo ile ya kahawia, mchoro wangu haujawahi kuwa mzuri. Kila barua utakayoniandikia, ichore. Ikiwa imelala nitajua ni salama kweli na nitaisoma nimekaa. Ikiwa imesimama nitajua. Na ikija barua isiyo na chupa yoyote sitasema mtoto amesahau, hajambo. Nitasema hajaniambia, na nitapanda basi. Nami nitachora kwenye zangu, na baba yako nitamfundisha, ingawa yeye ataisimamisha hata kwa mafua.

Kuna mengine nilitaka kuyaandika lakini mbwa wa jirani anabweka na nasikia sauti yako unaamkia watu njiani, shikamoo, shikamoo, mzima, wazima, salama kabisa. Unabeba kitu kizito, bila shaka bibi yako amekupa unga wa ulezi utakaokuvunja bega mpaka Mbeya. Baba yako ameacha kugonga. Amesimama mlangoni ananitazama nikiandika.

Sitaiweka kwenye sanduku. Nitakupa mkononi sasa hivi, kabla hujavua viatu, na nitakaa hapa hapa kwenye kigoda mpaka uimalize. Sanduku litafungwa baada ya hapo, na nitakusaidia kulifunga.

Ndipo sasa naweza kukusalimu. Hujambo, Skola? Usinijibu upesi.

Mama yako